Mto Ulioondolewa Katika Toleo la Nne

Nchi ya Mkekani nimefika, na haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu. Anayedhani naongeza uongo aende mwenyewe. Ila ajiandae kwa swali la mpakani, maana mimi lilinikuta sina jibu.

Askari hakuniuliza jina wala nimetoka wapi. Aliniuliza, "Wewe ni wa toleo gani?"

"Toleo la nini?"

Akamtazama mwenzake, wakacheka kwa ile huruma ya watu wanaomwona mlevi mchana. Wakanigonga muhuri mgongoni mwa mkono, ASIYE NA TOLEO, wakaniruhusu kupita. Baadaye nilielezwa kwamba mwenye muhuri ule anaruhusiwa kununua sokoni, kulala anapokaribishwa na kuzikwa akifa, lakini haruhusiwi kugusa dadu, na neno lake halisikilizwi penye ubishi. Nimepita nchi ambazo mgeni hana haki hata ya kuzikwa, kwa hiyo sikulalamika.

Lazima kwanza nieleze Mwendo, maana bila Mwendo hakuna Mkekani. Ni mchezo, ingawa wenyewe hawapendi uitwe hivyo mbele ya wageni. Jioni, watu wa nyumba wakishakula, hukaa mkekani. Mmoja huwa mshika njia: yeye ndiye anayeeleza barabara ilivyo, mvua inavyonyesha, nani amesimama mlangoni na panga. Wengine kila mmoja ana mwendaji wake, mtu wa kubuni ambaye amemlea kwa maneno tangu utotoni, akampa jina, kazi, na mahali anakokwenda. Mshika njia akisema, "Mbele yako pana fisi," wewe unasema mwendaji wako anafanya nini, kisha unarusha dadu kuona kama ameweza. Kanuni ya kale ilikuwa maneno matatu tu: sema, rusha, kubali. Kwa maneno hayo wazee wa Mkekani walilea watoto na kupatanisha wagomvi, na kwa maneno hayo hayo waliwaaga wafu wao.

Hili la wafu ndilo lililonikaa moyoni. Mtu wa Mkekani akifa, mwendaji wake hubaki njiani, pale pale aliposimama mara ya mwisho. Basi waliokuwa wakikaa mkeka mmoja na marehemu hukaa tena, wakamchukua yule mwendaji kwa maneno na dadu mpaka kule alikokuwa akienda. Wanaita kumfikisha. Kabla hajafikishwa, matanga hayaondolewi, nguo za marehemu hazigawiwi, na jina lake hapewi mtoto. Na asiyekaa naye mkeka mmoja hana uwezo wa kumfikisha, kama vile jirani yako hawezi kukuotea ndoto.

Mimi nilipokelewa na Bi Mwanashe, mjane msuka mikeka, mwanamke mfupi mwenye kikohozi kilichomkalia kifuani na ulimi usiomwogopa mtu. Mtaa mzima ulikuwa umenikataa kwa sababu ya muhuri. Yeye aliutazama akasema, "Afadhali wewe. Wenye matoleo nimewachoka." Akanipa chumba cha binti yake.

Binti huyo, Jokha, alikuwa amefariki masika yaliyopita kwa homa. Mwendaji wake aliitwa Kidawa, mchuuzi wa chumvi. Jioni ya mwisho Kidawa alikuwa amefika Mto Fundo, akaingia maji ya magoti, na Jokha akasema, "Kidawa anavuka." Kisha akalalamika kichwa kinamuuma, akaliweka dadu chini, akasema atarusha kesho.

Walibaki wawili wa mkeka ule: Bi Mwanashe, na mwanawe Shamte, kaka yake Jokha. Wawili wanatosha, mmoja ashike njia, mwingine arushe. Tena waliishi ua mmoja. Lakini Bi Mwanashe alikuwa wa Toleo la Pili na Shamte wa Toleo la Nne.

Hapa msomaji atanivumilia nieleze balaa hili lilivyoanza. Aliyeziandika kanuni kwa mara ya kwanza, seremala mmoja aliyeitwa Mzee Funzi, alichonga juu ya mlango wake: MLANGO HUU UKO WAZI MILELE, AINGIAYE NA ANAKILI, ATOKAYE NA AGAWE. Alipokufa, warithi wake walianzisha Nyumba ya Kanuni, na Nyumba, kama kila nyumba yenye midomo mingi ya kulisha, ikagundua kwamba kitu ambacho kila mtu anacho hakiuziki. Ikatoa Toleo la Pili. Halafu la Tatu. La Tatu lilipoonekana lina makosa likatoka la Tatu na Nusu, na nusu hiyo peke yake ilivunja ndoa nyingi kuliko ulevi. Nilikutana na mabwana wawili wenye mvi zao, waliosoma chuo kimoja na kuoa nyumba moja, ambao hawasalimiani kwa sababu mmoja anaamini mwendaji aliyezimia huamka na nusu ya nguvu zake na mwenzake anaamini ni robo. Niliwauliza mwendaji mwenyewe ni nani. Walikuwa wamesahau.

Kila toleo jipya likitoka, la zamani huwa haramu isipokuwa kwa leseni. Na Toleo la Nne, la Shamte, liliondoa mito yote. Nyumba ilieleza kwamba wachezaji wamelalamika, mito inachelewesha. Penye mto sasa pana daraja, na darajani hakurushwi dadu.

"Mama, Jokha hayuko mtoni," Shamte alisema mbele yangu siku niliyofika, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Hakuna mto. Yuko ng'ambo tangu masika. Wewe ndiye unayemzuia."

"Mwanangu nilimwacha katika maji," Bi Mwanashe alijibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nashika njia. Kwa mdomo huu nilimwambia maji ni ya baridi. Leo unaniambia nilisema uongo?"

"Sisemi ulisema uongo. Nasema limerekebishwa."

"Nenda karekebishe nyumba yako inavuja."

Basi kila mmoja alikuwa na jiko lake, uzio wa makuti katikati ya ua, na msichana wa watu alikuwa mtoni au ng'ambo kutegemea siku hiyo unakula kwa nani. Mimi, kwa ujinga wa mgeni, nilisema kitu ambacho nadhani kila mgeni angesema: kwa nini wasikae tu, warushe, yaishe? Wakanigeukia wote wawili. "Asiye na toleo anyamaze!" Ilikuwa mara pekee niliyowasikia wakisema neno moja.

Wiki ile ile Bi Mwanashe aliamua kwenda Nyumba ya Kanuni kuomba leseni ya Toleo la Pili, maana Shamte alikuwa ameahidi kwamba leseni ikipatikana atakaa mkekani kwa kanuni za mama yake. Mtiifu alikuwa, Shamte, ila utii wake wote aliuweka kwenye kitabu. Bi Mwanashe aliniomba nimsindikize kwa sababu ya ngazi.

Tulipokelewa na Mlinzi wa Matoleo, Bwana Ngoda, mtu wa adabu kabisa. Alisimama bibi alipoingia, akamwagizia chai ya tangawizi.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, baba. Wenzangu huwa wanajibu wameshapoa. Mimi sijapoa, ndiyo maana nimekuja."

Bwana Ngoda alisikiliza yote, akatikisa kichwa penye kutikisa, hata machozi yakamlengalenga. Akasema leseni ya wafiwa ipo, na ataitoa leo leo. Kuna sharti moja tu. Mwendaji yeyote anayefikishwa kwa leseni ya Nyumba anakuwa mali ya Nyumba.

"Mali, vipi?" bibi akauliza.

"Kidawa ataingia katika mifano ya toleo lijalo, mama. Ni heshima kubwa. Watoto wa nchi nzima watakuwa na Kidawa wao mkekani."

"Watamfanya nini?"

"Watakavyo. Wengine watamvusha." Bwana Ngoda alikuwa mkweli, hilo namkubalia. "Na wengine, si unawajua vijana, watamtosa waone inakuwaje."

Bi Mwanashe aliirudisha chai yake mezani. "Mwanangu nimemzika mara moja, baba. Siwezi kuwapa watu wamzamishe kila jioni."

Wakati anajifunga mtandio nilimuuliza Bwana Ngoda kuhusu mlango wa Mzee Funzi. Je, si ulisema uko wazi milele?

"Milele ile ilikuwa ya Toleo la Kwanza," alinijibu. "Kila toleo lina milele yake."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa safi kama wa mtu anayekutajia saa.

Sasa, Mkekani kuna nyumba nyingine, nayo inaitwa Nyumba ya Mlango Wazi. Ilianzishwa na watu waliokasirishwa na Nyumba ya Kanuni, wakachukua Toleo la Tatu na Nusu, wakapunguza hapa na kuongeza pale, wakajenga ng'ambo ya uwanja. Siku tuliyokwenda kuwaomba msaada, nyumba hizo mbili zilikuwa barazani zinashitakiana juu ya fisi. Shauri lilikuwa hili: fisi anayemtokea mwendaji njiani ni wa nani? Mawakili walisema asubuhi nzima. Mmoja alileta fisi aliyekaushwa. Hatimaye hakimu aliamua kwamba fisi wa kawaida ni wa wote, lakini fisi anayesema ni mali ya Nyumba ya Kanuni. Tangu siku hiyo fisi wa Mlango Wazi hawasemi, wanaonyesha kwa ishara, na wafuasi wao wanaapa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu.

Kiongozi wa Mlango Wazi, Bwana Dachi, alitoka shaurini ameshindwa lakini anang'aa. Alipopata habari za Bi Mwanashe alimshika mkono akauinua mbele ya watu. "Huyu ndiye mama yetu! Wamemnyima mto wake! Nani anaweza kumiliki mto?" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nakiri damu ilinichemka, nikapiga makofi na mimi, muhuri wangu ukionekana.

Ndani, mlango ulipofungwa, Bwana Dachi alieleza kwamba mto wataurudisha, bure kabisa. Bi Mwanashe atatakiwa tu kutangaza kwamba Kidawa tangu mwanzo alikuwa mwendaji wa Mlango Wazi. Sura yake itachorwa kwenye bendera. Na nyumba yoyote itakayothubutu kuweka mwanamke wa chumvi mkekani bila idhini itashitakiwa.

"Ndiyo uhuru huo?" bibi akauliza.

"Uhuru usio na muhuri, mama, utaibiwa."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu," Bi Mwanashe alimwambia, akainuka. Kule nje walikuwa bado wanaliimba jina lake. Walipoona anapita bila kusimama, wakaanza kunong'ona kwamba huenda ametumwa na Nyumba ya Kanuni, na kabla hatujavuka uwanja mtu mmoja alikuwa ameshamtemea mate karibu na miguu. Mimi nilikuwa na hasira za kupigana. Yeye alinivuta shati tu.

Kikohozi kilizidi baada ya safari ile. Majirani wa Toleo la Pili waliacha kuja kumjulia hali kwa kuwa amekanyaga Mlango Wazi, na wa Mlango Wazi nao walikuwa wameshamtangaza msaliti. Chakula nilipika mimi, vibaya. Jioni alikuwa anakaa na ukili wake mapajani bila kuusuka, na mara moja aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba anachoogopa si kufa. Anaogopa kufa akamwacha mtoto ndani ya maji.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asubuhi moja aliuchukua mkeka akaukunja, akaupitisha chini ya kwapa, akausukuma uzio wa makuti kwa bega mpaka ukalala. Shamte alikuwa anakunywa uji.

"Shamte, mwanangu," alisema. "Nimekubali. Hakuna mto. Mpitishe dada yako darajani, tumalize."

Nataka ieleweke uzito wake. Mshika njia wa Mkekani akishasema maji ni ya baridi, hata mfalme hawezi kumfanya aseme hayakuwepo. Bi Mwanashe alikuwa amelimeza neno lake mwenyewe, na mtu yeyote aliyekuwa pale aliona lilivyomkwama likishuka. Nilimtazama Shamte nikitegemea furaha. Aliona haya. Aliweka kikombe chini, akakipangusa kitabu kilichokuwa kando yake, kitabu kipya kinene chenye jalada jekundu.

"Mama," akasema, "Toleo la Nne limeondolewa. Tangazo limetoka jana. Sasa ni la Tano."

"Linasemaje?"

"Mito imerudi."

Bi Mwanashe alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. "Si ndivyo nilivyosema mimi?"

"Si mto ule ule, mama. Huu una kina, una mkondo, kuna sura nzima ya upepo. Na kuna mambo ya wafu sijayafikia. Nipe nafasi nisome kwanza. Tusije tukamfikisha kimakosa."

Ningemnyang'anya kile kitabu nikakitia jikoni. Sikufanya hivyo, nilikuwa mgeni, nilikuwa asiye na toleo. Mama yake alimtazama kwa muda, yule kijana mkubwa aliyekuwa na hofu ya kukosea kuliko hofu nyingine yoyote, na nadhani alimpenda bado.

"Soma, baba," alisema. Akautandika mkeka pale pale upande wa Shamte, akakaa kungoja.

Shamte alisoma. Alisoma akila, alisoma akitembea, alikwenda Nyumba ya Kanuni kuuliza maana ya vifungu akarudi na vifungu vya kufafanua vifungu. Mama yake hakutoka kwenye mkeka ule isipokuwa kwa haja. Aliacha hata kumharakisha. Adhuhuri moja nilimpelekea maji nikamkuta amelala ubavu, mkono chini ya shavu, nikadhani amejipumzisha. Nilimgusa bega kumwamsha. Shamte, kwenye kiti chake, alikuwa amefika sura ya upepo.

Tulimzika siku iliyofuata. Watu walikuja wachache, wakasimama kwa matoleo yao, kundi hapa na kundi pale, hata kaburini.

Nilikuwa nafunga mzigo wangu Shamte alipoingia chumbani. Macho yalikuwa yamemvimba. Mkeka wao sasa ulikuwa na mtu mmoja, na mtu mmoja hawezi kumfikisha yeyote. Alinishika mkono ule wenye muhuri.

"Kaka, wewe umekaa ua wetu. Umekula na mama. Shika njia wewe, mimi nitarusha."

"Mimi sina toleo, Shamte."

"Najua."

"Kwa kanuni zipi?"

"Zozote," alisema, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. "Zozote, kaka. Za mama."

Tukafunga mlango mchana ule, tukakaa. Nilishika njia kama nilivyoweza, kwa maneno niliyoyasikia kwa Bi Mwanashe: nikasema mto ni mpana, maji ni ya baridi, Kidawa amesimama maji ya magoti na magunia yake ya chumvi. Shamte akasema, "Kidawa anavuka." Akarusha. Dadu lilizunguka likasimama kwenye sita, na sita ni kuvuka, kwa kanuni za zamani, za sasa na za fisi wasiosema. Nilimkumbatia. Tulicheka wote wawili, kilio na kicheko pamoja, na kwa mara ya kwanza katika nchi ile niliona kwa nini walikuwa wamependa kitu hiki kiasi hicho.

"Kidawa yuko ng'ambo," nikaendelea. "Mbele yake njia zinagawanyika, nyingi, kila moja kwake. Haya, mfikishe. Alikuwa anakwenda wapi?"

Nikaona mkono wa Shamte unapapasa upande ambao kitabu huwa kimekaa.

"Humo hamna, Shamte. Dada yako alikuwa anampeleka wapi?"

"Alipataja," akasema. "Jioni ya kwanza kabisa, tulipokuwa wadogo. Alimwambia mama."

"Na wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nabishana kuhusu uzito wa magunia."

Alijaribu mji mmoja, akatikisa kichwa. Akajaribu mwingine. Nami katika nyumba ile nilikuwa nimeambiwa kila kitu isipokuwa hilo. Jua lilikuwa bado juu, na nje watu walikuwa wanabishana mtaani juu ya Toleo la Tano. Kidawa amesimama ng'ambo ya mto, nguo zinamdondoka maji, na hakuna aliye hai anayejua aende wapi.